Televisheni na intaneti katika tela la kulala kando ya Ziwa Tanganyika

Mwana wa Ujiji:
Ndugu zangu, ninasafiri na familia kwa tela la kulala. Tukiweka kambi ufukweni, kusini mwa Ujiji, dishi nililolifunga juu ya paa hupoteza picha kila mtu anapopanda ngazi kuingia ndani, na intaneti ya simu ni dhaifu mno. Nifanyeje?

Fundi wa Mwanga:
Ndugu, lishushe dishi hilo, kwa sababu tela hukaa juu ya springi na kila hatua ya mtu hulitikisa, ilhali dishi haliwezi kuvumilia kusogea hata nyuzi chache. Lisimamishe chini kwenye nguzo ya miguu mitatu na uitundikie ndoo ya mchanga, maana upepo wa ziwa hauna huruma. Kama king'amuzi chako ni cha Azam, setilaiti yake iko longitudo ya nyuzi 7 mashariki, ambayo ni magharibi mwa Kigoma, hivyo ukiwa Kigoma utaelekeza magharibi, ukikaza kidogo kaskazini, kiasi cha nyuzi 63 juu ya upeo wa macho. Kwa kimo hicho milima ya Kongo haizuii chochote. Kinachozuia ni mwembe ulioegesha chini yake.

Mama wa Kibirizi:
Fundi amesema kweli, hasa kuhusu mwembe. Kwa upande wa intaneti, vilima hukuficha na mnara, na bati la tela nalo huziba mawimbi. Mimi hutumia ruta ya laini inayotumia betri ya volti 12, na antena yake nimeifunga nje, kwenye mlingoti wa mita nne. Usinunue bando kabla hujajua ni mtandao upi unaoshika hapo.

Mwana wa Ujiji:
Ahsanteni sana. Kesho ninaanza na ndoo ya mchanga.