Je, kazi za jikoni na za kuuguza zinaweza kumkurubisha mtu na Mungu?

Muuza Mahamri, Kisauni

Assalaam alaykum, na salamu kwa wasomaji wa dini zote. Naomba rai zenu juu ya jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu.

Riziki yangu ni mahamri na mbaazi za nazi, ambazo wateja wangu, wengi wao vibarua na madereva wa tuktuk, huzitaka kabla jua halijapanda. Kwa hiyo hukanda unga usiku nikauacha uumuke, na adhana ya alfajiri aghalabu hunikuta nikitayarisha karai. Nikimaliza biashara huanza kazi ya pili, ambayo ni kumuuguza mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, aliyepatwa na kiharusi na ambaye sasa hawezi kugeuka kitandani bila ya kusaidiwa. Kabla ya majukumu haya nilikuwa nikihudhuria darsa za wanawake baada ya alasiri, nikisoma juzuu yangu ya Qur'ani kila siku, na nikisali sunna, zile sala zisizo za lazima, kwa utulivu. Leo sala zangu tano nazisali kwa wakati wake, alhamdulillahi, lakini nazisali mwili umechoka na sikio liko kwa mgonjwa.

Nasikia katika mawaidha kwamba kila kazi ya halali ni ibada, na kwamba mtu anaweza kuwa karibu na Mola wake akiwa jikoni kama anapokuwa msikitini. Napenda kuliamini neno hilo, ila nataka kulielewa. Ni kitu gani hasa kinachoifanya kazi ya kukanda unga au kufua shuka za mgonjwa iwe ni kujikurubisha kwa Mungu, hali watu wengi hukanda na kufua bila ya kumkumbuka hata kidogo? Na mtu atajuaje kwamba hajifariji tu kwa kuwa amekosa nafasi ya ibada aliyoizoea?

Maalim Mstaafu, Mji wa Kale

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Kabla ya kufika kwenye unga, nataka nikurudishe kwenye jambo ulilolitaja ukalipita haraka, nalo ni sala zako tano. Katika hadithi qudsi, yaani hadithi ambayo Mtume anayanukuu maneno ya Mungu, aliyoipokea Abu Huraira na ikaandikwa na Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, Mwenyezi Mungu anasema kwamba mja Wake hajikurubishi Kwake kwa kitu Akipendacho zaidi kuliko yale Aliyomfaradhishia, kisha ndipo zinapotajwa sunna, ambazo mja huendelea kujikurubisha kwazo mpaka Mola akampenda. Uangalie utaratibu huo. Wewe unahuzunikia darsa, juzuu na sunna kana kwamba ukaribu wako wote ulikuwa humo, ilhali lile lipendezalo zaidi hujaliacha hata siku moja.

Ama kitu kinachoigeuza kazi, wanazuoni wamekwisha kulijibu hilo, nacho ni nia. Hadithi ya Umar bin Khattab kwamba amali huhisabiwa kwa nia ndiyo inayofungua mkusanyiko wa Bukhari, na mafakihi, yaani wataalamu wa sharia, wameeleza kuwa kazi mojawapo ya nia ni kutenganisha ada na ibada. Mfano wanaoupenda ni wa kuoga: mtu anaweza kujimwagia maji kwa sababu ya joto, na anaweza kujimwagia maji yale yale kwa kuondoa janaba, ile hali ya kutokuwa tohara baada ya tendo la ndoa, na mwenye kumtazama kwa nje hataona tofauti yoyote. Basi unapotia hamira, kusudia moyoni kwamba unatafuta chumo la halali, unajilinda na kuombaomba, na unamlisha mtu anayekwenda kuhangaikia watoto wake. Hapana haja ya maneno marefu, kwa sababu mahali pa nia ni moyoni. Haja iliyopo ni kuihuisha tena na tena, maana nia huchakaa kwa mazoea, na hao unaowataja kwamba hukanda bila ya kumkumbuka Mungu huenda wengi wao walianza kwa nia njema.

Bibi Aisha, mke wa Mtume, aliulizwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na sala ilipowadia alitoka kwenda kusali. Nimewasomesha watoto riwaya hii kwa miaka mingi, na kila mara huona namna Bibi Aisha alivyoyaweka mambo hayo mawili katika jibu moja, bila ya kuonyesha kwamba la kwanza lilimpunguzia la pili.

Na lipo jambo lililo karibu zaidi na hali yako. Bibi Fatima, binti wa Mtume, aliumizwa mikono na jiwe la kusagia, akaenda kwa baba yake kutaka mtumishi wa kumsaidia. Mtume alimwendea yeye na mumewe Ali usiku, walipokuwa wamekwisha kulala, akawafundisha kwamba waingiapo kitandani waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34, akawaambia kuwa hayo ni bora kwao kuliko mtumishi. Tasbihi hiyo alifundishwa mwanamke aliyechoshwa na kazi ya unga. Hakuambiwa aache kusaga, wala hakuambiwa kuwa uchovu wake si kitu.

Kwa vitendo, nakushauri usijitwike kumkumbuka Allah katika kila dakika, kwani utashindwa kisha utavunjika moyo. Chagua mahali pamoja katika kazi yako, kwa mfano wakati wa kukanda, ambapo mikono ina shughuli na ulimi hauna, upafanye pawe pa dhikri, yaani pa kumtaja Allah. Papa hapo pakizoeleka, mahali pengine patafuata penyewe.

Karani wa Ghala, Likoni

Dada, mimi ni Mkatoliki, nami nakujibu kwa yale tuliyoyapokea sisi, pasipo nia ya kuchanganya imani.

Katika karne ya 17 alikuwako mjini Paris bruda wa shirika la Wakarmeli aliyeitwa Lawrence wa Ufufuko, ambaye alikuwa askari kabla ya kuingia utawani. Alipangiwa kazi ya jikoni, kazi ambayo kwa maumbile yake hakuipenda hata kidogo, akaifanya kwa miaka mingi, na baadaye akawa anatengeneza viatu vya watawa wenzake. Alifariki mwaka 1691, na watu wangali wanasoma barua zake kwa sababu alieleza kwamba katikati ya kelele za vyungu na watu wanaoitaita alikuwa na Mungu kwa utulivu ule ule aliokuwa nao alipopiga magoti. Sehemu inayonifaa mimi zaidi ni ile ambayo wahubiri huisahau: kwamba alipita miaka mingi ya taabu rohoni kabla ya kufika hapo, na kwamba kila alipogundua kuwa amemsahau Mungu, alikiri kwa ufupi na kurejea kazini mwake, bila ya kujitesa kwa lawama.

Mimi huvuka kwa feri asubuhi na jioni. Anayekijua kivuko cha Likoni anajua namna tunavyosongamana sisi wa miguu, baiskeli na mikokoteni katikati yetu, na namna kila mtu anavyotaka kuwa wa kwanza mlango unaposhushwa. Nilianza kusali hapo Baba Yetu, lakini nilikuwa nikiisema kwa midomo huku nikitafuta upenyo wa kupita. Nikabadilisha. Sasa namwombea mtu aliye mbele yangu, huyo huyo mmoja, kufuatana na ninachokiona: mzigo alioubeba, mtoto aliye mgongoni, namna anavyochechemea. Sala hiyo haiwezekani bila ya kumtazama mtu, na ukishamtazama na kumwombea, unaona haya kumsukuma. Sisemi kwamba napata hisia tamu yoyote. Nasema kwamba navuka nikiwa nimewaona wanadamu, na kwetu sisi kumpenda Mungu bila ya kumpenda jirani ni uongo.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa limekuwa likitumika kuwaumiza akina mama. Katika Injili ya Luka, sura ya 10, Martha analaumiwa, na wengi huhubiri kana kwamba alilaumiwa kwa sababu ya kupika. Maneno ya Bwana Yesu kwake yanataja kusumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi. Hakumwambia auzime moto.

Hata hivyo, siamini kwamba sala ya kwenye feri inajitosheleza. Wiki ninayokosa Misa na kukosa dakika chache za kukaa kimya nyumbani, hata yule mtu wa mbele yangu simwoni tena.

Muuza Nafaka, Kongowea

Nimewasoma nyote kwa heshima, lakini nina wasiwasi na msemo huu wa kazi kuwa ibada, kwa sababu sokoni unatamkwa na kila mtu, hata na wale ambao gorogoro zao, makopo ya kupimia nafaka, zimebonyezwa kitako ili zipakie punje chache. Mtu ana tasbihi mkononi, redio inasoma Qur'ani, na kipimo chake ni cha wizi. Ipo sura nzima, ya 83, inayoanza kwa kuwapa ole hao wanaopunja, ambao wakijipimia kwa watu hutaka watimiziwe, na wanapowapimia wengine hupunguza. Majirani zangu Wakristo nao wana Mithali 11, isemayo kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana.

Kwa hiyo, dada yangu, ukiuliza utajuaje kwamba hujifariji, mimi nakujibu kwa lugha ya biashara. Usitafute jibu katika moyo wako peke yake, kwa sababu moyo hujisifu na hujilaumu bila ya haki. Litafute katika hamri. Je, unga ulipopanda bei ulipunguza ukubwa na kuwaambia wateja, au ulipunguza kimyakimya? Mafuta yaliyokwisha kuwa meusi unayamwaga au unayarudia? Kibarua aliyepungukiwa shilingi tano unamjibu vipi mbele ya wenzake? Mimi nimeona kwamba wakati ninaokuwa na hakika zaidi kuwa Mwenyezi Mungu yuko nami si ule ninaoleta nyiradi, zile dua na dhikri za kila siku, nikisubiri wateja. Ni ule mteja anapoangalia pembeni, nami najua hatahesabu, nikampimia ikajaa. Hapo hapana mwanadamu wa kunisifu, na kama sikuamini kwamba Yeye anaona, sina sababu yoyote ya kuijaza.

Simpingi Maalim. Nia ndiyo asili, lakini nia ya mfanyabiashara huonekana kwenye pishi.

Muuza Mahamri, Kisauni

Mwenyezi Mungu awalipe kheri. La biashara nimelielewa, na maswali ya ndugu wa Kongowea nitayachukua kama yalivyo, kwa kuwa ni ya haki.

Limebaki la mgonjwa, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Katika kukanda unga naweza kutia dhikri, lakini mavyaa wangu anaponiita usiku kwa mara nyingine, nami nimelala punde tu, kinachonijia kwanza ni hasira. Namgeuza, namsafisha, simjibu vibaya, lakini moyoni sina upole wowote. Je, hapo napo mtu aweza kusema yuko karibu na Mungu? Pia namwomba Maalim anifahamishe kama inafaa kulitaja jina la Allah wakati ninapomsafisha haja, na kama udhu wangu unabaki.

Muuguzi, Changamwe

Dada mpendwa, mimi ni Mkristo, na kazi yangu imenikutanisha na wengi walio katika hali yako, kwa hiyo nitasema ninalolijua.

Katika Mathayo 25, Bwana anawaambia wenye haki kwamba alikuwa mgonjwa nao wakaja kumtazama, nao wanashangaa, kwa kuwa hawakumbuki kumwona. Ndugu wa Kiislamu wanaowauguza wazee wao wodini wamenieleza hadithi qudsi iliyopokewa na Imamu Muslim, ambamo Mola anamuuliza mwanadamu kwa nini hakumzuru alipougua, na mwanadamu anapostaajabu, anaambiwa kwamba fulani aliugua, na lau angekwenda kumzuru angemkuta Mola kwake. Nimezitafakari zote mbili mara nyingi nikiwa zamu ya usiku. Wale wenye haki hawakuwa na hisia yoyote ya kuwa mbele za Bwana, ndiyo maana waliuliza ni lini. Na ile hadithi inataja mahali: kwa mgonjwa. Haisemi kwamba mwenye kwenda huko lazima awe amelala vizuri.

Hasira ya mtu aliyeamshwa ni ya mwili usiopata usingizi, nami sijaona muuguzi asiyeijua. Unachokifanya nayo ndicho chako, na wewe unaamka, unamgeuza, na hujibu vibaya. Mgonjwa asiyejigeuza huota vidonda mgongoni, nyongani na visiginoni, na sisi hujitahidi kumgeuza takriban kila baada ya saa mbili. Ngozi yake ikiwa nzima, hiyo ni kazi ya mikono yako usiku ule ambao unadhani hukuwa na upole.

Lakini usiifanye peke yako kwa kudhani kwamba kuomba msaada kunapunguza thawabu. Mumeo ni mwanawe. Wifi zako ni binti zake. Wagawane nawe usiku, hata kama ni siku chache za juma, kwa sababu ukaribu huu na Mungu haukuandikwa kwa mkaza mwana pekee, na hao wengine wanaukosa wakiwa wamelala.

Maalim Mstaafu, Mji wa Kale

Mwanangu, hilo la kugawana usiku nalitilia mkazo, na kama watahitaji kuambiwa na mzee, waje kwangu.

Ama maswali yako mawili. Kinachochukiza ni mtu kumtaja Allah kwa ulimi akiwa yeye mwenyewe katika kukidhi haja au akiwa chooni. Wewe uko chumbani unamhudumia mgonjwa, kwa hiyo hilo halikuhusu, ingawa ukipenda kujizuia ulimi wakati najisi iko mbele yako, kumkumbuka kwa moyo hakuzuiliwi mahali popote. Kuhusu udhu, katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu huku pwani ndiyo tunayoifuata, kugusa utupu wa mtu kwa tumbo la kiganja au la vidole bila ya kizuizi hutengua udhu, na kugusa najisi peke yake hakutengui bali hulazimu kuosha palipoguswa. Basi vaa glavu unapomsafisha, udhu wako utabaki, na alfajiri ikiingia utaweza kusali mara moja kabla ya kurudi kwenye karai.