Jonker, Melaka: soko la usiku lina kosa gani?

Wakuu, naomba nichokoze mjadala. Kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili jioni, mtaa wa Jonker mjini Melaka, Malaysia, hufungwa magari yasipite, na hadi usiku wa manane barabara inakuwa soko. Tangu lianze mwaka 2000 watu wamegawanyika: wapo wanaosema soko ndilo linaloua mtaa wa kale na kuwafukuza mafundi na familia za zamani, na wapo wanaosema bila soko mtaa ungeshakufa zamani. Rafiki yangu niliyekwenda naye yuko upande wa kwanza. Mimi nampinga, ingawa ana pointi.

Anasema Melaka si mji wa kubezwa. Wareno waliuteka 1511 kwa uchu wa biashara ya mlango-bahari wake, Waholanzi wakawapokonya 1641, na 1824 ukawaangukia Waingereza kwa mkataba. Mwaka 2008 UNESCO ikauweka kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na George Town, mji mwingine wa Malaysia. Sasa mtaa wenye historia hiyo, ananiuliza, usiku unauza nini? Kava za simu!

Na kweli niliziona. Duka la samani za kale limefungwa, mbele yake meza ya kava zinazowakawaka, na mwenye meza kafunga waya wa taa yake kwenye nguzo ya duka la watu. Nyumba za pale zina kibaraza kilichofunikwa na ghorofa, Wamalay wanakiita kaki lima, yaani futi tano, ili mpita njia asiloe mvua wala kuungua jua. Usiku ule kilijaa maboksi. Bibi mmoja mwenye mfuko wa mboga aliomba njia mara tatu kabla ya kufika mlangoni kwake mwenyewe.

Hapo sibishi. Ila tuulizane: mafundi na familia za zamani nani aliwaondoa? Malaysia ilikuwa na sheria ya mwaka 1966 iliyobana kodi za nyumba zilizojengwa kabla ya 31 Januari 1948, na nyumba za Jonker nyingi ni za kale kuliko hapo. Sheria ikafutwa 1997, wapangaji wakapewa muda hadi mwisho wa 1999. Fundi aliyezoea kodi ya kizamani akaingia Januari 2000 mwenye nyumba akiwa huru kumtajia kodi anayotaka. Soko nalo likaanza mwaka huohuo! Lawama ikabebeshwa kile kinachoonekana, chenye kelele na moshi wa mishikaki. Kodi haina moshi.

Halafu kuna ya 2013. Baada ya uchaguzi mkuu wa Mei, serikali ya jimbo iliufungua mtaa kwa magari hata wikiendi, wengi wakasema wanaadhibiwa kwa kura zao. Kama soko ndilo muuaji, huo ndio ulikuwa wakati wa watu wa Jonker kushangilia. Wafanyabiashara wa palepale ndio waliolalamika, na soko likarudi.

Kitu kingine ambacho rafiki yangu hakukiona, maana alikuwa kwenye foleni ya cendol (barafu, tui na sukari ya mnazi, foleni yenyewe ni safari), ni jukwaa la mwisho wa mtaa. Wazee wanapanda mmojammoja kuimba nyimbo za Kichina za ujana wao. Mmoja kavaa suti na raba, sauti imeshamkimbia, lakini wenzake kwenye viti vya plastiki wanamwitikia kila kiitikio. Wale si watalii. Ukifuta soko, Jumamosi usiku utawapeleka wapi?

Kwa hiyo mimi nasema soko libaki, ila meza wapewe kwanza wakazi na mafundi wa mtaa, kibaraza kiwe marufuku kuwekwa mzigo, na mwenye nyumba anayempangisha fundi apunguziwe kodi ya jengo anayolipa serikalini. Nilimwambia hivyo rafiki yangu tukiwa kwenye basi la kurudi. Akacheka: "Mpe mkazi meza leo, Ijumaa ijayo ameshamkodishia muuza kava, yeye yuko ndani anatazama runinga."

Hapo alinikamata. Mwenye dawa ya hilo aje nayo.