Tupeane uzoefu: waranti ya kifaa ulichonunua mtandaoni, hapa Mwanza unamdai nani?

Mtoa mada

Mwangaluka wakuu. Uzi huu ni wa wanaoshika vifaa kila siku: mafundi, wauza spea, wapokea mizigo, watu wa sheria. Simu, TV na laptop zinaagizwa kwa wauzaji wa Instagram na masoko ya mtandaoni, tangazo linasema "waranti mwaka mmoja", kikizingua hakuna anayekipokea. Hadithi za kupigwa tunazo nyingi. Hapa tuweke vitu ambavyo mtu anaweza kuvikagua kabla hajalipa na baada ya mzigo kufika.

Naanza mimi. Waranti ina mwenyewe, na anaweza kuwa mmoja kati ya watatu: kiwanda, msambazaji aliyeleta bidhaa nchini kihalali, au muuzaji mwenyewe. Ya kiwanda mara nyingi imefungwa kwenye nchi au kanda ambayo kifaa kilikusudiwa kuuzwa. Ya muuzaji inaishi kadiri duka linavyoishi. Jumia ilipofunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, soko liliondoka lakini simu zilibaki mikononi mwa watu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: "Ikiharibika naipeleka wapi, na nani anaitengeneza?" Akijibu "usijali, tupo", hilo si jibu.

Fundi simu, Makoroboi

Mkuu umegusa penyewe. Kwa Samsung, mwombe muuzaji picha ya namba ya modeli kwenye Settings, About phone. Herufi ya mwisho inakwambia simu ilikusudiwa kwenda wapi. Chukua S23 Ultra: SM-S918B ni ya kimataifa, SM-S918U ni ya Marekani, SM-S918N ni ya Korea, SM-S9180 ni ya China na Hong Kong. Si feki hizo, zinafanya kazi vizuri tu. Ila ukipeleka U au N kituo cha huduma huku kwetu ukidai kioo cha bure, jiandae kuambiwa haiko kwenye soko lao. Kama bei imeshushwa kwa sababu hiyo na umeambiwa ukweli, nunua kwa amani. Tatizo ni pale unapouziwa U kwa bei ya B.

Kwa iPhone, angalia herufi ya kwanza ya namba ya modeli. M ni mpya ya dukani, F imekarabatiwa, N ilitolewa kama mbadala wa iliyoharibika. Kisha weka namba ya utambulisho ya kifaa, ile serial, kwenye checkcoverage.apple.com uone siku zilizobaki. Boksi lenye plastiki mpya halithibitishi kitu, plastiki zinauzwa na mashine ya kuzibana ipo mtaani.

IMEI, namba ya utambulisho ya kila simu, ina tarakimu 15. Linganisha sehemu tatu: boksi, sehemu ya laini au mgongo wa simu kama imeandikwa, na ile inayotokea ukipiga *#06#. Ikiwa ya laini mbili, IMEI zitakuwa mbili, usishtuke. Halafu itume kwa SMS kwenda 15090 ya TCRA, utaletewa aina na modeli. Jibu likisema modeli nyingine na mkononi una nyingine, rudisha hapo hapo. Tangu simu feki zizimwe Juni 2016 huduma hii ipo, na bado watu hawaitumii.

Jambo la mwisho linaumiza wengi: simu za mkopo. Zinauzwa bei chee zikiwa zimefunguliwa kijanja. Mbele ya muuzaji ifute yote kwa kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, iunganishe na intaneti, isubiri imalize kujiandaa. Kufuli ya aliyekopesha ikiwepo itajitokeza wakati huo. Na Samsung iliyochezewa programu huwa imeunguza fyuzi ya Knox, mfumo wa usalama wa Samsung, ndani, inasomeka 0x1, na hairudi tena. Hiyo waranti ya kiwanda sahau.

Mdau wa Nansio

Fundi, sisi wa visiwani tunaambiwa "hii IP68, hata ikidondoka ziwani poa". Waranti inasemaje?

Fundi simu, Makoroboi

Kaka, IP68 ni kipimo cha maabara cha kuzuia vumbi na maji. Kwa Samsung nyingi ni maji yasiyo ya chumvi yaliyotulia, kina cha mita 1.5, dakika 30, simu ikiwa mpya. Gundi inayoziba inachoka kwa joto na kudondoshwa. Samsung na Apple wote hawalipii maji kwenye waranti ya kawaida. Ndani kuna kistika cheupe kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji. Kwenye iPhone nyingi kipo kwenye tundu la laini: toa kitrei cha laini, mulika tochi, chungulia. Ukinunua iliyotumika toka kwa watu wa mwaloni, hicho ndicho cha kuangalia kabla hata ya kioo.

Mpokea mizigo, Nyegezi

Mimi niseme TV. Kutoka Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,100. TV inatakiwa isafiri imesimama. Ikilazwa chini ya viroba, kioo kinapasuka ndani na boksi linabaki zima. Kioo ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya bei ya TV, na waranti hailipii kilichopasuka, iwe ya kiwanda au ya muuzaji. Muuzaji atasema ni basi, basi litasema ilipakiwa hivyo.

Kwa hiyo usisaini kupokea kabla hujaiwasha. Anza kurekodi video moja isiyokatwa: lebo ya mzigo yenye jina na tarehe, pembe zote nne za boksi, gundi ikiwa haijafunguliwa, serial ya boksi, serial ya mgongoni, kisha umeme. Ikiwa imezima, mulika tochi kwa upande, ufa unaonekana kama utando wa buibui. Ikiwaka, weka picha nyeupe tupu, mistari ya wima na madoa meusi yatajianika.

Soma pia kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni 230V. Kikisema 100-240V sawa. Kikisema 120V peke yake, ukichomeka umeua, na hakuna wa kukufidia. TV ya Marekani nyingine haishiki antena yetu kabisa, maana sisi tunatumia mfumo wa matangazo ya kidijitali wa DVB-T2.

Muuza laptop, Rwagasore

Dell ina Service Tag ya herufi na namba 7, iingize kwenye tovuti yao uone waranti inaisha lini na ilianzia nchi gani. Waranti inaweza kuwa hai lakini kwa jina la kampuni ya Uingereza. Muuzaji akubali kuhamisha umiliki, la sivyo ihesabu kama haipo. HP, angalia mwisho wa namba ya bidhaa: #ABA Marekani, #ABU Uingereza.

Muagizaji, Buzuruga

Kwa wanaoagiza China: usibonyeze kwamba umepokea mpaka umepima, ukibonyeza muuzaji anaachiwa hela. Na betri iliyovimba hairuhusiwi kusafiri kwa ndege, ni kanuni za kimataifa. Muuzaji akisema "rudisha kwanza nikulipe" kwa pawabenki iliyovimba, anajua huwezi. Dai kwa picha na video kwenye sehemu ya migogoro ya soko lenyewe, usihamie WhatsApp.

Mtu wa sheria, Nyamagana

Karatasi. Risiti ya EFD uihakiki kwenye verify.tra.go.tz, na jina lililopo lifanane na la muuzaji unayemdai. Mashine mara nyingi inaandika "simu" tu, kwa hiyo omba na ankara ya mkono yenye IMEI, muda wa waranti, kinacholipiwa na muhuri. Skrinshoti ya tangazo pia, kabla hawajalifuta. Hata bila neno waranti, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kifanane na maelezo yaliyotumika kukiuza. Andika madai kwa maandishi, mpe siku 7 au 14, akikaa kimya peleka Tume ya Ushindani, wengi tunaiita FCC, au fungua madai mahakamani.

Dada wa Kirumba

Na akisema "itume Kariakoo tuiangalie"?

Mpokea mizigo, Nyegezi

Itume dada, ila toa laini na kadi, ondoa akaunti ya Google au iCloud, piga picha kioo na pande zote. Kwenye stakabadhi ya basi waandike IMEI na thamani, wasiandike "kifurushi". Mtumie muuzaji picha ya stakabadhi siku hiyo hiyo, na ndani ya boksi weka karatasi yenye tatizo kwa maneno machache: "inazima ikifika asilimia 30, imeanza tarehe fulani".