Villa Tugendhat ya Brno: nitazame nini?

Swali: Ndugu zangu, nitapita Brno, Jamhuri ya Cheki, na ningependa kuizuru Villa Tugendhat, nyumba iliyobuniwa na Ludwig Mies van der Rohe na kukamilika mwaka 1930. Katika picha naona kuta nyeupe na vioo tu. Je, nitazame nini hasa?

Jibu la 1: Ndugu, anza na nguzo. Nyumba inabebwa na fremu ya chuma, hivyo kuta za ndani hazina mzigo wowote, na ndiyo maana sebule imeachwa wazi, ikigawanywa tu na ukuta wa jiwe la oniksi na mwingine wa mbao uliopinda kuizunguka meza ya chakula. Simama karibu na oniksi hiyo jua la majira ya baridi linapoelekea kutua: miale huipenya, na jiwe la rangi ya asali likawaka wekundu. Mimi nilishindwa kubanduka pale.

Jibu la 2: Usiache kuona vyumba vya mitambo huko chini, kwani mota ya umeme hushusha vioo viwili vikubwa vya sebuleni hadi vikazama sakafuni, na chumba kizima kikafunguka kuelekea bustanini. Nunua tiketi mapema sana.

Jibu la 3: Naomba pia ukumbuke wenyewe. Familia ya Tugendhat, ambayo ilikuwa ya Kiyahudi, ililazimika kuikimbia nyumba hii mwaka 1938, baada ya kuishi humo miaka minane tu.