Konokono la mawe ufukweni Kigoma: kwenye picha linatoka kama lundo tu

Mawe_ya_Mwanga
Wakuu, habari za leo. Tunatandaza mawe ufukweni hapa Kigoma, sehemu inayoangalia magharibi, vilima vikiwa nyuma. Umbo ni la konokono, kipenyo mita 6, mizunguko minne, mawe ya kimo cha sm 20 hivi, bila saruji. Mvua zikikolea ziwa litayafikia, kwa hiyo wengi wataijua kazi hii kwa picha. Tatizo: kwa simu ya megapikseli 12, ukisimama kando huoni konokono, unaona lundo. Kwa lenzi pana ya 0.5 mawe ya mbele yanakuwa majitu na ya nyuma yanapotea. Droni hatuna. Tupige tukiwa wapi, saa ngapi? Na picha tuihesabu kuwa ndiyo kazi yenyewe au ni kumbukumbu tu?

Lenzi_Kibirizi
Mkuu, simu haina kosa, kosa ni kimo. Ukisimama mita 8 kutoka katikati, simu ikiwa mita 1.6 juu ya mchanga, unaiangalia kazi kwa pembe ya nyuzi 11 tu. Kwa pembe hiyo duara linabanwa mpaka upana wake unakuwa mara tano ya kimo chake. Ipandishe simu hadi mita 5 hapo hapo ulipo, pembe inafika nyuzi 32, na upana unabaki mara mbili tu ya kimo. Mizunguko inaachana.

Mwanzi mkavu wa mita 4 ukiinuliwa begani unatosha. Funga simu nchani kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, lenzi ya kawaida ya 1, taima ya sekunde 10 na picha za mfululizo. Mwanzi hutikisika, hivyo kasi ya shata (muda wa lenzi kupokea mwanga) isiwe chini ya 1/500 ya sekunde, na watu wawili wavute kamba pembeni kuutuliza. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwanza, msirushe kienyeji.

Kuna njia nyingine, na binafsi naipenda zaidi: kazi iifuate kamera. Msanii Mholanzi Jan Dibbets, kati ya 1967 na 1969, alitandaza maumbo ya pande nne yasiyo sawa ardhini, yakapimwa hivi kwamba kwenye picha yanatoka mraba kamili. Simamisha simu kwenye stendi, bandika nailoni angavu juu ya kioo, chora konokono unalolitaka kwa kalamu ya wino mzito. Mmoja aangalie kioo, mwingine ahamishe vijiti mchangani mpaka kila kijiti kikae juu ya mstari. Umbo litarefuka kuelekea mbali na kamera, ndivyo inavyotakiwa. Stendi ikiguswa kabla hamjamaliza, mnaanza upya. Na litakaa sawa kutoka sehemu hiyo moja tu. Kwa hiyo mahali pa kamera pachaguliwe kabla ya jiwe la kwanza.

Jua_la_Jioni
Kuhusu saa. Saa za Afrika Mashariki zimefuata longitudo ya nyuzi 45, Kigoma iko 29.6. Jua la utosi kwetu linakuja karibu saa saba mchana, na huzama saa moja jioni au baada kidogo. Asubuhi vilima vinauzuia mwanga; ukifika mchangani jua limeshapanda. Pigeni jioni.

Ila msisubiri dakika za mwisho. Jua likiwa nyuzi 15 juu ya upeo wa macho, jiwe la sm 20 linatupa kivuli cha sm 75. Mizunguko minne ndani ya mita 3 za nusu kipenyo ina nafasi ya sm 75 hiyo hiyo, kwa hiyo kivuli cha mstari mmoja kinaumeza mwingine na konokono linapotea tena. Nyuzi 25 ndiyo yenyewe: kivuli sm 43, karibu saa 11 na dakika 20. Kupima, nyoosha mkono: ngumi moja ni kama nyuzi 10, kwa hiyo ngumi mbili na nusu kutoka upeo.

Elekeza kamera kaskazini au kusini ili mwanga uingie ubavuni. Ukielekea ziwani mawe yanakuwa meusi. Punguza mwangaza mpaka maji yasiwe meupe kabisa, kwani sehemu ya picha iliyokuwa nyeupe tupu hairudishiki, giza la mawe linainuliwa baadaye. Mwagieni mawe maji dakika chache kabla. Jiwe lililolowa linajitenga na mchanga. Nyayo zifutwe kwa fagio mkirudi kinyumenyume.

Miombo_Tabora
Nakubaliana na hesabu zenu, lakini picha ya juu peke yake haitoshi. Spiral Jetty, konokono la mawe na udongo la msanii Robert Smithson, iliyojengwa Aprili 1970 kwenye ziwa la chumvi kule Utah, Marekani, ina urefu wa mita 460 hivi. Ziwa liliifunika mapema, na kwa karibu miaka thelathini watu waliijua zaidi kwa picha na filamu. Ukiiona kutoka juu pasipo mtu ndani yake, hujui kama ni hiyo au ni yenu ya mita 6. Mwekeni mtu, au ndoo ya lita 20, katikati ya kazi. Akikaa karibu na kamera anadanganya ukubwa. Kisha pigeni nyingine kwa kimo cha macho ya anayetembea ndani ya mizunguko. Msanii Mwingereza Richard Long mwaka 1967 alitembea huku na huku kwenye nyasi mpaka mstari ukalala, akaupiga picha. Nyasi huinuka, kilichobaki ni picha, na kwa kazi ya namna hiyo nadhani picha ni sehemu ya kazi, si nakala.

Kwa kuwa ziwa huwa chini Oktoba na Novemba na hupanda hadi mwezi wa nne au wa tano, chimbieni nondo ya mm 12 mahali pa kamera, mrudi kila wiki, kimo kile kile na lenzi ile ile. Jua huhama sana kati ya Juni na Desemba, vivuli havitalingana. Picha za siku za mawingu ndizo zinazolinganishika. Andikeni tarehe, vipimo na mwelekeo wa kamera.

Mawe_ya_Mwanga
Asanteni sana wakuu. Mawe tunaweza kuyatoa majini, pale kina kifupi?

Lenzi_Kibirizi
Hapana, mkuu. Samaki wa miamba wa Tanganyika hujificha na kuzaliana kwenye hayo mawe. Chukueni ya nchi kavu. Na picha mkitumiana WhatsApp, tumeni kama hati, vinginevyo zinabanwa. Megapikseli 12 zikiwa kamili zinachapa sm 34 kwa 25 bila kupoteza ukali.