Tupeane uzoefu: mgongo uliopinda ukubwani, mliamua lini kupasuliwa?

Mleta mada
Habari wadau. Nina miaka 46, mwanamke, mgongo wangu umepinda tangu usichana. Nilipoacha kukua ulikuwa nyuzi 43, eksirei ya mwezi uliopita imesoma 56, sehemu ya kiunoni. Daktari mmoja anasema tufanye mwaka huu kabla mifupa haijachoka. Wa pili anasema maadamu natembea na kazi nafanya, nisubiri. Wote wawili wamenieleza vizuri na kwa hoja, ndiyo maana nimekwama. Siombi kuambiwa fanya au usifanye. Naomba mliopita njia hii mniambie: siku mliyosema sasa basi, kilikuwa kimetokea nini?

Bado_nasubiri
Pole dada. Mimi nina 38 na sijapasuliwa. Daktari wangu alinieleza kwamba mkunjo uliovuka nyuzi 50 mtu akiwa ameshaacha kukua huwa na tabia ya kuendelea, mara nyingi kama nyuzi 1 kwa mwaka, na ulio chini ya 30 kwa kawaida hutulia. Mimi niko katikati hapo, kwa hiyo napigwa picha kila baada ya miaka 2.

Mwaka juzi nilisomewa 52 kutoka 47, nikalia usiku kucha. Daktari akachukua picha zote mbili akazipima upya mwenyewe, akapata 49 na 48. Kumbe tofauti ya nyuzi 5 inaweza kutoka kwa mpimaji tu, kutegemea amechagua pingili ipi ya uti wa mgongo kuanzia. Tangu siku hiyo picha zangu nakaa nazo mwenyewe, na nalinganisha na ile ya zamani kabisa. Yako ya 43 kwenda 56 ni mabadiliko ya kweli, lakini ni ya miaka mingapi?

Mleta mada
Miaka 28.

Mzee_wa_vyuma
Mwanangu, mimi nilingoja miaka 9. Maumivu ya mgongo nilishayazoea, kilichonishinda ni miguu. Natembea dakika 10, mapaja yanajaa ganzi na moto, nakaa yanatulia, naondoka tena. Baadaye zile 10 zikawa 5. Mwili nao ukaanza kuelekea mbele, nikitaka kusimama wima inabidi nikunje magoti. Mke wangu ndiye aliyeona kwanza. Aliniambia, "Siku hizi ukizungumza nami unatazama sakafu."

Nilipokubali, nikaambiwa siwezi kuingia chumba cha upasuaji. Kipimo cha uzito wa mifupa kilisoma -3.1, na kuanzia -2.5 kushuka chini ndiyo osteoporosisi, yaani mifupa iliyokonda na kuvunjika kirahisi. Skrubu kwenye mfupa wa namna hiyo ni msumari kwenye ubao ulioliwa na mchwa. Nikachomwa sindano ya kujenga mfupa kila siku kwa miezi mingi kwanza. Huo ndio muda ulioniuma zaidi, maana ningeweza kuanza matibabu hayo kipindi chote nilichokuwa nasubiri. Hakuna aliyenipima, na mimi sikuuliza.

Upasuaji ulichukua saa 9. Pingili ziliunganishwa kuanzia kifuani hadi kwenye nyonga, nikalala siku 3 chumba cha wagonjwa mahututi, kidonda kikapata usaha nikarudishwa kuoshwa. Miezi 6 ya kwanza ilikuwa mizito sana. Mwaka ulipotimia nilikuwa natembea nusu saa bila kukaa, na ninaziona nyuso za watu. Ukiniuliza ningekwenda lini, ni pale dakika 10 zilipogeuka 5. Kabla ya hapo, hapana.

Mleta mada
Shikamoo mzee, asante sana. Kuinama unaweza?

Mzee_wa_vyuma
Marahaba. Kiuno hakikunji tena, kinachokunja ni nyonga na magoti. Soksi ananivalisha mke wangu. Hilo uliulize mapema, wataunganisha kuanzia wapi hadi wapi, kwa sababu mkunjo ukipasuliwa mapema wakati mwingine pingili za chini zinaachwa huru.

Fimbo_1981
Naomba niongeze upande ambao watu hawausemi. Nilipasuliwa 1981 nikiwa na miaka 14, nikawekewa fimbo ya Harrington, chuma cha kunyoosha mgongo, kama ilivyokuwa enzi hizo. Ilininyoosha kwa upande, lakini ule uvungu wa asili wa kiuno ukapotea. Miaka 30 niliishi vizuri. Kisha diski, ile mito ya kati ya pingili, zilizobaki chini ya fimbo zikachakaa, nikaanza kuinamia mbele, na ikifika jioni mgongo mzima unawaka. Nikarudi mezani nikiwa na miaka 52, wakakata mfupa ili kukirudishia kiuno ule uvungu wake.

Kwa hiyo dada, usibaki na hesabu ya nyuzi za upande peke yake. Omba picha ya kusimama, mwili mzima, ya ubavuni. Mimi naamini ile ndiyo iliyostahili kuamua tarehe yangu, kwa sababu kichwa kikishatangulia mbele ya nyonga, mwili unachoka kwa kusimama tu.

Niliharakisha
Mimi nilikuwa na haraka. Nilikuwa mvutaji wa sigara, nikaacha wiki 2 kabla ya upasuaji, nikarudia mwezi mmoja baadaye. Nikotini inazuia mfupa kushikana. Mwezi wa 20 nikasikia mlio mgongoni nikigeuka kitandani, fimbo zote mbili zimekatika. Upasuaji wa pili ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza. Ningejipa miezi 6 ya kuacha sigara kwa kweli, mgongo wangu ungeweza kusubiri.

Mtoto_wa_mama
Mama ana 74, moyo haukuruhusu upasuaji mrefu. Walimpanulia njia ya mishipa ya fahamu pingili moja tu, bila vyuma. Mgongo umebaki umepinda na tumeambiwa unaweza kuongezeka. Lakini miguu imeacha kuwaka na usiku analala. Yeye ameridhika, nasi pia.

Muuguzi_wodini
Nawasoma tangu mwanzo. Haya yote ni ya mtu mwenye muda wa kuchagua. Mguu ukianza kupoteza nguvu, ganzi ikaingia sehemu za siri na makalioni, mkojo ukagoma kutoka au ukatoka wenyewe, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Nimepokea waliokaa siku 4 nyumbani wakidhani ni uchovu, na baadhi yao kibofu hakikurudi.

Mleta mada
Nimesoma kila neno, wengine mmenitoa machozi. Jumatatu napima mifupa. Ile picha ya ubavuni nimeomba, sikuwahi kupigwa hata moja. Na nimeanza kuhesabu dakika zangu za kutembea kabla miguu haijaniambia nikae, naandika kwenye daftari. Juzi 35, jana 35, leo 40.