Huyu bwana wa orodha ya madogo (chipukizi) wa Canadiens, timu ya hoki ya barafu ya Montreal, leo amevuka mipaka, ETI MI NIKAUZE BARAFU ZA UBUYU!!!

Mwana wa Ngamiani ameandika:

Wakuu sina hata salamu nzuri leo, naandika niko kwenye metro natoka shifti, nilitakiwa kushuka Cartier nimejikuta Montmorency mwisho wa njia kwa hasira, mpaka treni imezimwa taa ndo nashtuka.

Jina simtaji. Mnamjua. Ni yule yule wa kila kiangazi anayejipa kazi ya kupanga madogo wa Montreal Canadiens, leo tunapigia kura namba moja, kesho namba mbili, na kura zikimkataa anasema "kamati imekaa". Kamati gani?? Kamati ni yeye na yule paka aliyemuweka kwenye picha yake!

Sasa sikilizeni. Namba moja kaweka Demidov, hapo hamna ugomvi, dogo aliitwa na Celine Dion mwenyewe pale Las Vegas 2024, wa tano kwenye drafti, ile siku timu za ligi zinachagua chipukizi kwa zamu, Aprili 2025 katua kutoka St. Petersburg na mechi yake ya kwanza kabisa na Chicago kafunga na katoa pasi ya goli, hata bibi yangu ambaye hajawahi kuona theluji angempa namba moja. Namba mbili yule kipa Fowler, sawa. Namba tatu Hage, nikameza. Namba nne nikajua haya sasa ni zamu ya David Reinbacher, nikakaa vizuri na chai yangu. Akaweka Zharovsky. ZHAROVSKY! Dogo kaitwa Juni 2025 hii hii, wa 34, anachezea Ufa huko Urusi, wino wa jina lake haujakauka. Namba tano Engström. Namba sita ndo Reinbacher, na pembeni kaandika neno moja tu: "goti".

Mi nikauliza kwa adabu kabisa, mpaka nimeanza na "mkuu kwa heshima", nikamwambia mkuu kwa heshima hivi wewe umewahi kukaa Place Bell, kiwanja cha kule Laval, ukamwangalia huyu beki na Laval Rocket, timu ndogo ya Canadiens, au unapanga kwa kusoma vichwa vya habari? Swali hilo tu. Akanijibu mbele za watu wote:

"Wewe kauze barafu za ubuyu, hoki tuachie wenyewe."

Barafu. Za. Ubuyu.

Na watu wakamgongea laiki!! Nimewaona majina yenu yote nimeyapiga picha.

Mnajua kwanini imeniuma hivi? Kwa sababu habari ya barafu nilisimulia mwenyewe humu humu, kwenye ule uzi wa Siku ya Mama, kwamba mama yangu pale Ngamiani Tanga alikuwa na friza moja nzee inanguruma kama lori la mkaa, na kwa barafu za ubuyu na za ukwaju kanisomesha mimi na dada zangu wawili mpaka nimefika huku. Nilisimulia kwa moyo mweupe. Na yeye aliandika pale pale "hongera kwa mama, Mungu amtunze". Kumbe alikuwa anaiweka akiba!! Kaiweka mfukoni miezi yote hii aje anipige nayo siku nikimgusa orodha yake. Mtu wa namna hiyo unamwita nani?

Tukirudi kwa Reinbacher maana msidhani nimemsahau. Huyu kijana wa Austria alikuwa na miaka 18 tu siku ile ya Nashville, Juni 2023, kaitwa wa tano, na kosa lake pekee ni kwamba watu walimtaka yule Mrusi Michkov ambaye akaenda wa saba Philadelphia. Kosa la mtoto liko wapi hapo, yeye ndo alijiita? Wakamfuata kwenye simu yake kumtukana usiku ule ule badala ya kumwacha asherehekee na wazazi wake. Kaja, kakomaa, Septemba 2024 kwenye mechi za kujipima na Toronto goti likaondoka, kapasuliwa, kakaa nje miezi, Februari karudi na mi nilikuwepo Place Bell naona kwa macho yangu haya anavyompokonya mtu kisahani, ule mpira wa hoki, pembeni ya ubao bila hata kumgusa, anatoa pasi moja imenyooka mpaka mtu mbele anajikuta peke yake na kipa. Beki mrefu, wa upande wa kulia, anayeteleza hivyo, mnajua timu ngapi zinatafuta mtu kama huyo kwa tochi? Halafu wewe unaandika "goti". Dogo kalilia goti lake miezi yote ile we unamhesabia kama dhambi!

Tena huyu huyu bwana ndo alikuwa anatuambia Lane Hutson mfupi. Mnakumbuka au mmejisahaulisha? "Mfupi, watamvunja, futi tano na inchi tisa hachezi beki." Hutson kaitwa wa 62 mwaka 2022, na msimu wa 2024-25 kapiga pointi 66 na kabeba Calder, tuzo ya chipukizi bora wa ligi nzima. Je alikuja kuomba radhi? Alibadilisha picha ya paka tu, kaweka paka mwingine.

Na kama hajui historia ya timu yake aulize wazee, mwaka 1980 Canadiens walikuwa na namba moja mkononi, mtoto wa hapa hapa Montreal Denis Savard yupo mbele yao, wakamchukua Wickenheiser. Savard akaenda wa tatu Chicago, leo yuko kwenye Ukumbi wa Heshima. Kwa hiyo kupanga madogo siyo mchezo, unatakiwa uwe na unyenyekevu, siyo mtu akikuuliza swali unamtajia biashara ya mama yake.

Barafu za ubuyu jamani. Nimeishi mji huu miaka 11, nimesimama nje ya Centre Bell, uwanja wa Canadiens, baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri kope zinagandiana, nimejifunza kuteleza nikiwa na miaka 30 na kitu nashikilia ubao na watoto wa miaka minne wananipita, halafu naambiwa barafu ninayoijua mimi ni ya ubuyu.

Mods nataka jibu lake lifutwe na aombe radhi. Siyo kwangu. Kwa mama.

---

Kipa Mzee: Ngoja waje. Nimeweka kambi hapa.

Dada wa Gatineau: Pole kaka yangu. Ya mama yaachwe nje ya michezo, hapo kakosea sana. Ila Reinbacher namba sita ni sawa, tena mi ningempa saba.

Mwana wa Ngamiani: Dada wa Gatineau sasa pole gani hiyo unanipa na kisu ndani yake!

Zamani Forum: Povu lote hili kwa ajili ya namba sita 😂😂 mkuu ulitaka Reinbacher akuoe au? Tulia dawa ikuingie.

Leafs Mpaka Kaburini: Nyie watu wa Montreal mna bahati hamjui. Mnagombania nani wa nne nani wa sita, sisi huku Toronto madogo wenyewe tuliwauza raundi zote, kombe la mwisho 1967, 2025 tumetolewa na Florida mechi ya saba NYUMBANI, halafu Marner kaondoka zake Vegas. Mtoto wa hapa hapa! Mi ndo nilitakiwa nifungue uzi wa malalamiko siyo wewe.

Zamani Forum: 1967 bibi yako alikuwa anauza barafu za ubuyu.

Leafs Mpaka Kaburini: Nakuripoti.

Kamau wa Minneapolis: Wasee pole kwa huyo boss lakini hiyo ya ubuyu imenimaliza kabisa nimecheka mpaka supervaiza ameniangalia. Sasa mimi niseme yangu. Huku Minnesota tulikuwa na timu wakaibeba 1993 wakaipeleka Dallas, Dallas! Mahali jua linachoma mpaka mjusi anatafuta kivuli! Tukapewa timu nyingine, Wild, toka 2015 mpaka 2025 hatukushinda hata raundi moja ya mtoano. Kaprizov aliitwa wa 135, ile raundi watu washaenda kutafuta chakula, na ndo anatubeba sote. Hizi orodha zenu ni bure tu, mungu wa hoki anawachekelea.

Mwana wa Ngamiani: Kamau ndo maana nasema! Hutson wa 62, Kaprizov wa 135, kwa hiyo huwezi kumwandika mtu "goti" ukamaliza. Asante kwa kunielewa.

Kamau wa Minneapolis: Sijakuelewa boss, nilikuwa nalia za kwangu tu.

Papa Jérémie: Ndugu yangu, mimi niko Montréal-Nord. Ile muntu mwaka ilipita alinijibu vibaya vile vile juu ya muchezaji Slafkovský, nikanyamaza. Lakini mambo ya orodha siyo shida. Shida ni bei ya tike! Mutoto yangu ananiomba kila siku, papa tuende Centre Bell, papa tuende. Tike mbili, parking, na kale ka hot-dog, unalipa nusu ya loyer, kodi ya nyumba. Njo maana sisi tunaenda Laval, pale unaona wachezaji karibu hata jasho unaiona.

Dada wa Gatineau: Papa Jérémie umesema kweli. Mi naenda kuwaona Canadiens wakija Ottawa, jezi nyekundu zinajaa mpaka Senators wanaonekana wageni kwao.

Sens Kimya Kimya: Sisi tuna Brady Tkachuk. Nyie 2018 mlichukua Kotkaniemi wa tatu, tukamwokota Tkachuk wa nne. Endeleeni na orodha zenu.

Dada wa Gatineau: Hapo umenishika pabaya.

Mwana wa Ngamiani: Jamani mbona tunatoka nje ya mada? Mada ni mtu kumtukania mwenzie mama.

Otieno South B: Mimi niko Nairobi, kiwanja chetu cha barafu kiko ndani ya hoteli pale Panari, Barabara ya Mombasa, kadogo mpaka ukipiga kona mbili umekimaliza. 2018 nyota wa ligi Crosby na MacKinnon walivaa jezi na timu yetu ya Ice Lions huko Canada, dunia nzima ikatupigia makofi, halafu tukarudi kwa kale kale kakiwanja. Nyinyi mna viwanja kila mtaa mnapigania namba sita. Ningekuwa na barafu ya kutosha hata ya mabuyu ningeteleza juu yake.

Mpemba Halisi: Otieno, mabuyu na ubuyu si kitu kimoja. Mabuyu yenu ni zile mbegu za rangi nyekundu za kumung'unya. Barafu inatiwa unga wa ubuyu.

Otieno South B: Ati si kitu kimoja? Mti si ni ule ule?

Mpemba Halisi: Mti ule ule, mkono ndio tofauti. Na nyie wa bara barafu zenu ni maji na sukari, ubuyu mmeupitisha kwa mbali tu kama salamu.

Kipa Mzee: Kambi imenoga.

Zamani Forum: Mpemba kawasha moto 😂😂😂

Shangazi Edmonton: Mpemba usitutanie. Barafu ya ubuyu nzuri unaloweka ubuyu usiku kucha, unachuja, unatia sukari, iliki na vanila kidogo. Nimetengeneza hapa Edmonton Januari, nikaziweka nje ya dirisha badala ya friza, nusu saa zimekuwa mawe.

Mpemba Halisi: Na tui la nazi je?

Shangazi Edmonton: Tui kwenye barafu?? Nani kakudanganya?

Mpemba Halisi: Shangazi, kwa heshima, bila tui hiyo ni juisi imepigwa na baridi.

Mwana wa Ngamiani: Mama yangu hakuwahi kutia tui na foleni ilikuwa inafika mpaka barabarani. Naomba turudi kwa Reinbacher tafadhali. Bwana mwenyewe nimeona yuko hewani anasoma huu uzi na amekaa kimya.

Leafs Mpaka Kaburini: Nani Reinbacher?

Papa Jérémie: Shangazi, unga wa ubuyu unapatikana wapi huku Canada? Muke yangu ana mimba, ananiomba kitu ya uchachu kila usiku, nimezunguka duka zote.

Shangazi Edmonton: Njoo inbox Papa, kuna dada yupo huko huko Montreal analeta kutoka Dodoma. Mwambie akupe ule mweupe, usichukue uliochanganywa na rangi.

Dada wa Gatineau: Na mimi niunganishe jamani, kilo mbili.

Kamau wa Minneapolis: Huku Minneapolis anatuma?

Mpemba Halisi: Mkishaupata mtie tui.